Mazishi Kamili ya Mheshimiwa Mapembe

Ilikuwapo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga bali kwa adabu, kwa kuwa haifai kumtaja mgonjwa kwa jina mbele ya wageni. Nchi hiyo ilikuwa na milima, mito, ng'ombe na mawaziri, na katika hivyo vyote hapakuwa na kilichozaana upesi kuliko maneno.

Mwanzoni maneno yalikuwa machache na yenye nguvu. Neno "Mheshimiwa", kwa mfano, lilikuwa la mtu mmoja, naye alipoitwa hivyo watu walisimama. Baadaye mawaziri waliliomba, wakapewa. Wabunge wakanung'unika, wakapewa. Madiwani wakafuata, kisha madereva wao, kisha wake za madereva. Na hatimaye, mnadani, ng'ombe dume naye akaitwa Mheshimiwa ili wanunuzi waone haya kumkagua meno. "Maendeleo" lilitumika mpaka likawa jina la maharage, kwa sababu maharage ndiyo yaliyopakuliwa mikutanoni kila neno hilo lilipotamkwa. Mke aliyeunguza chungu alimwambia mumewe, bila kutania, kwamba maendeleo ya leo yameshika moto. Mamba alipomla mtu, redio ilitangaza kwamba mwananchi amekutana na changamoto ya majini. Na kuku aliyeatamia mayai viza alisemwa yuko kwenye mchakato.

Wananchi hawakulalamika. Walikuwa wasikivu mno: walisikia kila kitu na hawakuamini chochote, utaratibu uliookoa muda wa pande zote mbili.

Hata hivyo yalisalia mahali pamoja maneno ambayo hayakuchakaa, napo ni kwenye kingo za Mto Kimeza, uliowatenganisha watu wa Mlimani na watu wa Mtoni. Mababu zao walikuwa wamepigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo mtu wa upande mmoja akifa hakuzikwa mpaka afike mtani wa upande wa pili. Mtani alivaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake, akauanika uchoyo wake mbele ya wafiwa, akaingia kaburini na kulala humo mpaka apewe ugoro au jogoo. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika.

Kisha, mzaha ukiisha, mtani alisimama na kufanya mambo mawili ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuyafanya. Kwanza, alisema wazi kilichomuua marehemu. Pili, alitupa bonge la udongo na kutamka neno la kufunga: "Tumekulia, tumekucheka, tumekumaliza. Usiite, hatuitiki." Baada ya hapo marehemu akiita, haitikiwi, maana anayemwitikia maiti humfuata. Asiyefungwa, mama yake havui kaniki ya msiba, wala jina lake halirithiwi na mtoto yeyote. Na kwa kuwa neno hilo lilisemwa mara moja tu kwa kila mtu, hapakuwahi kutokea mwanasiasa wa kulizoea.

*

Bi Sikudhani binti Chande alikuwa mtani mkuu wa watu wa Mtoni, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na pua ndefu na tabia ya kutocheka mizaha yake mwenyewe. Alikuwa amewazika watu wa Mlimani wa kila cheo, na hapakuwa na ukoo huko usiomwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja. Lakini tangu masika ya msiba wake mwenyewe alikuwa ndani ya kaniki, na kaniki ilikuwa imeanza kupauka mabegani.

Masika hiyo binti yake, Tunu, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, na zahanati iko ng'ambo, Mlimani. Kimeza ulikuwa umefurika. Daraja lilikuwapo, kwa maana iliyotumika wakati ule: lilikuwa limezinduliwa. Lilikuwa limezinduliwa mara nyingi kiasi kwamba watu wa Mtoni walifunga mbuzi kwa tepe za uzinduzi, na tepe hizo ndizo sehemu pekee ya daraja ambayo mwanadamu aliwahi kuishika kwa mkono. Tunu alijifungulia ukingoni, juu ya kanga, mvua ikimpiga usoni, macho yake yakitazama taa za zahanati ng'ambo ya maji. Mtoto, wa kike, akapona. Mama hakupona.

Mazishini alihudhuria Mheshimiwa Sifaeli Mapembe, Waziri wa Madaraja na Hamasa, mwana wa Mlimani. Alikuja kwa helikopta, kwa hiyo hakupata nafasi ya kukosa daraja. Mtani wa Mlimani, Mzee Kazeni, yeye alikuwa amevuka kwa mtumbwi uliojaa maji nusu. Mzee huyo alipojitanda kanga ya Tunu na kusogea kaburini, Afisa Itifaki wa Waziri, kijana nadhifu aliyeitwa Elirehema, alimshika kiwiko.

"Mzee, samahani. Muda wa watani umechukuliwa na salamu za Serikali."

"Na salamu za Serikali zitasema kilichomuua?"

"Zitasema kila kitu, Mzee."

Zilisema kila kitu, isipokuwa hicho. Mheshimiwa Mapembe alisimama kwenye tuta la udongo mbichi na kunena mpaka kivuli chake kikafika upande wa pili wa kaburi.

"Ndugu wananchi, daraja lipo katika mipango, na mipango ndiyo daraja la mioyo. Marehemu angekuwa na subira ya kizalendo, kidogo tu, angesubiri. Kilichomuua si mto. Kilichomuua ni upungufu wa subira."

Kisha akakata utepe uliotandazwa juu ya kaburi, akampakata yule mtoto mchanga mbele ya kamera, akampa jina la Maendeleo, na akamrudisha upesi alipohisi suti yake imelowa. Watu wakapiga makofi, kwa sababu neno "maendeleo" lilikuwa limetamkwa na mikono yao haikujua kungojea ruhusa ya vichwa. Kaka yake Bi Sikudhani alijikuta anapiga makofi kwenye kaburi la mpwa wake. Alipotambua, aliikalia mikono yake, na tangu siku hiyo hakupata tena kuinyoosha mbele ya dada yake bila kuona haya.

Tangu hapo yeyote wa Mlimani aliyedai kwamba Tunu aliuawa na kitu kingine aliitwa msaliti. Mzee Kazeni akafa na neno lake kifuani. Ndimi nyingine zote za Mlimani zikajifunza kunyamaza. Tunu akabaki hajafungwa, mama yake hajavua kaniki, na mtoto hana jina ambalo bibi yake angeweza kulitamka. Alimwita "wewe", na mtoto akakua akiitikia "wewe" kwa heshima zote.

Jirani yake, Mwanamvua, alimwambia siku moja, "Dada, omba fidia. Wengine wamepewa mabati."

"Sitaki mabati. Nataka mtu wa Mlimani aseme. Na yule aliyesema uongo juu ya kaburi la mwanangu, nitamfunga mimi kwa mkono huu."

"Utangoja sana. Mapembe ni mzima kama reli."

"Nitangoja," alisema Bi Sikudhani. "Mimi nina subira ya kizalendo."

*

Mtu akingoja ukingoni mwa mto, mto humletea kitu. Ulicholeta Kimeza ni uchovu wa neno "Mheshimiwa".

Inasimuliwa kwamba Waziri Mapembe alikuwa akipita sokoni, akasikia sauti ikiita, "Mheshimiwa, sogea!" Akasogea. Lakini punda wa mwuza chumvi, aliyekuwa akiitwa, alisogea kabla yake, na kwa madaha zaidi. Waziri hakulala vizuri. Akajaribu kuitwa Mtukufu, akakuta cheo hicho kimekwisha kuchukuliwa na waamuzi wa mpira. Akajaribu Mheshimiwa Sana, kisha Mheshimiwa Kabisa, kisha Mheshimiwa Mwenyewe. Kila mara, kabla kadi zake hazijakauka wino, alikutana na diwani mwenye cheo hicho hicho.

Alikuwa pia na hamu nyingine moyoni. Alitaka daraja la Kimeza liitwe kwa jina lake. Sheria ya nchi, iliyotungwa na watu wa kale waliokuwa na aibu, ilikataza kitu chochote cha umma kuitwa jina la mtu ila awe hayati. Hapo ndipo Waziri alipong'amua kwamba katika nchi nzima lilikuwa limebaki neno moja safi, neno ambalo wenye nalo hawakuligombea wala hawakulitia kashfa. Alilipeleka bungeni.

"Wenzangu," alisema, "kwa nini mtu alazimike kufa ndipo aheshimiwe? Huo ni urasimu. Kifo ni hatua muhimu, hakuna anayekibeza, lakini haijaandikwa popote kwamba lazima kitangulie. Nani asiyejua kwamba hayati hasemwi vibaya? Hayati hana madeni. Hayati hana mpinzani. Mimi natoa hoja kwamba cheo cha Hayati kitolewe kwa viongozi waliostahili, wakiwa bado wana nafasi ya kukifurahia."

Hoja ilipita kwa kishindo. Baadaye wabunge wengi walieleza kwamba walidhani wanapiga kura ya chakula cha mchana. Mwanasheria wa Serikali aliongeza sharti moja tu, ili wapinzani wasipate pa kushika: cheo kingekuwa halali endapo mhusika atafanyiwa mazishi kamili, kwa mila za kwao, bila kupunguza kitu.

*

Ilikuwa kiangazi. Elirehema, yule wa itifaki, alivuka Kimeza kwa miguu, viatu mkononi, na kumkuta Bi Sikudhani akipepeta mpunga mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Naona suruali imelowa, mwanangu. Daraja lina unyevu?"

Elirehema akakohoa. Akaeleza alichotumwa. Bi Sikudhani aliendelea kupepeta, na pumba zikaruka zikatua kwenye tai ya mgeni.

"Ngoja nielewe. Mtu yu hai, naye anataka kuzikwa."

"Anataka kuheshimiwa, Bibi. Kuzikwa ni utaratibu tu."

"Na mkewe, Mama Nakundwa, anasemaje?"

"Amesema hana pingamizi."

"Hakuuliza lolote?"

"Aliuliza ni lini."

Ungo ulitulia kidogo, kisha ukaendelea.

"Mnataka mazishi ya kuigiza, au mazishi kamili?"

"Kamili, Bibi. Sheria inataka hivyo. Kaburi la kweli, jeneza la kweli, mtani wa kweli. Na mtani wetu ni wewe."

"Mtani husema kilichomuua marehemu."

"Utasema vyema, tunakuamini."

"Na neno la kufunga?"

"Na neno la kufunga. Bila kupunguza. Ni maneno tu, Bibi, sisi wote tunajua."

Bi Sikudhani aliuweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kaniki yake iliyopauka, na kwa mara ya kwanza akamtazama kijana usoni.

"Umesema wewe," alisema. "Nitakuja. Mwambie Waziri wako asinichinjie jogoo. Safari hii sitadai jogoo."

*

Mazishi ya Mheshimiwa Mapembe yalifana kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kufa kweli. Jeneza lilikuwa la mninga, limetandikwa godoro, lina tundu la hewa na kifeni kidogo cha betri. Kikundi cha uhamasishaji kilileta kilio cha sauti nne. Risala ya marehemu ilisomwa na marehemu mwenyewe, akiwa amelala chali na kipaza sauti kifuani, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuitendea haki.

"Alikuwa jabali," ilisema sauti kutoka jenezani. "Alikuwa dira. Alizaliwa maskini, akaishi kwa ajili ya wanyonge, na pengo lake halitazibika. Enyi wajane na yatima wa uongozi wake, lieni." Aliposema "lieni", watu walipiga makofi, maana walikuwa wameshika mdundo na si maana.

Ndipo alipotokea mtani. Bi Sikudhani alikuwa amevaa, juu ya kaniki yake, koti la suti la Waziri, na ndani ya koti amefunga mto wa usufi tumboni. Alitembea mikono nyuma, kidevu juu, na kila hatua chache alisimama, akachomoa mkasi usioonekana, akakata utepe usioonekana, akapokea makofi yasiyosikika. Alizindua mlango wa choo. Alizindua ng'ombe wa karamu. Alimzindua Mama Nakundwa, mjane mtarajiwa, ambaye aliinamisha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika. Na hakuwa analia.

"Jamani watani zangu wa Mlimani," alisema kwa sauti ya Waziri yenyewe, "nawaletea maji! Hayo yaliyo mtoni mmeyaletewa na mimi. Nawaletea barabara! Ile njia ya mbuzi niliizindua, na mbuzi wamenishukuru. Mmeiona nyumba yangu? Nguzo zake nene, eh? Nene kama za daraja. Ukikaa sebuleni kwangu ukanyamaza, utausikia mto ukiulizia nguzo zake."

Kicheko kilianza pembeni, kwa wanawake, kikasambaa kama moto wa nyasi. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata jenezani kilisikika kicheko, kwa kuwa mila inakataza kukasirika na Waziri alikuwa mtu wa mila siku hiyo.

Kisha mtani akavua lile koti, akashuka kaburini, akalala.

Elirehema alileta jogoo, akakataliwa. Akaleta ugoro, ukakataliwa. Jua lilikuwa kali na kifeni cha betri kilianza kukoroma.

"Mpeni anachotaka," alisema Waziri, akiinua kichwa. "Bi Sikudhani, mtani wangu, unataka nini?"

Sauti ilitoka chini, ya kawaida, isiyoiga mtu.

"Nataka neno moja la mwana wa Mlimani. Sema kilichomuua Tunu, mwanangu. Ukisema, nitatoka humu, nitakuinua kwenye hilo sanduku kwa mkono wangu, na utarudi kwako u hai na ni Mheshimiwa. Usiposema, nitaimaliza kazi niliyoitiwa."

Mama Nakundwa aliondoa leso usoni.

Waliokuwa karibu husema kwamba uso wa Waziri ulionekana ukitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote mlangoni akiutafuta ufunguo. Huenda alitaka kulisema. Hakuna sababu ya kumnyima hilo. Lakini kila alipoingiza mkono kinywani mwake, yaliyokuja yalikuwa yale yale yaliyokaa mbele.

"Kwa niaba ya Serikali sikivu," alisema, "napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwahakikishia wadau wote kwamba changamoto ya marehemu Tunu tumeipokea, na mchakato..."

Mikono michache ikapiga makofi kwa mazoea. Kisha, mmoja baada ya mwingine, ikaacha.

Bi Sikudhani alitoka kaburini bila kusaidiwa. Alikuwa na bonge la udongo mkononi.

"Nimeuliza, naye amejibu," aliwaambia watu. "Mtani husema kilichomuua marehemu. Nasema. Huyu ameuawa na maneno. Aliyatumia yote kwa uongo mpaka alipohitaji moja la kweli akakuta ghala tupu. Mtu asiyeweza kusema amekufa, hata kama anapumua. Watu wa Mlimani, si mimi niliyemleta kaburini. Alijichimbia, akajinunulia jeneza, akajililia mwenyewe. Mimi nafunga tu."

Akalitupa bonge. Lilianguka juu ya kipaza sauti, na mngurumo wake ukapita katika spika zote ukarudi kutoka mlimani.

"Sifaeli Mapembe. Tumekulia, tumekucheka, tumekumaliza. Usiite, hatuitiki."

Akageuka akaenda zake.

Waziri aliinuka, kama ratiba ilivyotaka, akajipangusa udongo, akanyoosha mikono kuupokea umma kwa cheo chake kipya. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana." Hakuitikiwa. Elirehema alikuwa amefumbua kinywa tayari kusema "Karibu, Hayati"; akakumbuka yampatayo anayemwitikia maiti, akakifumba taratibu, akavua kofia yake na kutazama chini kwa heshima inayostahili.

*

Wananchi wa nchi ile walikuwa watiifu, na sheria ilikuwa imepitishwa na Bunge.

Asubuhi iliyofuata Hayati alifika wizarani. Askari wa lango alikuwa akipiga saluti kwa bendera, akaendelea kuipigia bendera. Ofisini kwake alimkuta Naibu wake, mtu aliyemsifu kwa miaka mingi, akijaribu kiti. Hayati alimfokea mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Naibu alifunga dirisha, akamwambia katibu muhtasi kwamba siku hizi upepo ni mkali. Bungeni, Spika alitangaza kiti kuwa wazi na kuomba dakika ya kimya. Hayati aliyekuwa amesimama mlangoni akipiga kelele aliharibu kimya hicho kidogo, lakini wabunge walikuwa wazoefu wa kutosikia.

Alikimbilia redioni, akampokonya mtangazaji kipaza sauti, akaihutubia nchi: alikuwa hai, ilikuwa hujuma, wazalendo wajitokeze. Alipochoka, mtangazaji alikivuta kipaza sauti kwa upole. "Mlikuwa mkisikiliza," alisema, "moja ya hotuba za Hayati Sifaeli Mapembe, kutoka maktaba yetu. Hakika pengo lake halitazibika."

Nyumbani, Mama Nakundwa alikuwa sebuleni, kati ya nguzo nene, amevaa nyeusi iliyompendeza. Shemeji zake walikuwa wakigawana magari uani, kwa mujibu wa mila. Hayati alipiga magoti mbele ya mkewe, akaita jina lake, lile la usichana, alilokuwa hajalitumia tangu alipopata uwaziri. Jambo hilo lilimgusa, maana aliitafuta leso yake. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Ajabu," alisema. "Alipokuwa hai hakuwahi kukaa nyumbani namna hii."

Serikali haikumsahau. Ilitimiza ahadi yake kwa haraka isiyo ya kawaida: ukingoni mwa Kimeza, upande wa Mtoni, ulisimikwa ubao mkubwa wa chuma, miguu yake imezamishwa katika zege, umeandikwa DARAJA LA HAYATI SIFAELI MAPEMBE. Utepe ukakatwa. Daraja lenyewe liliwekwa kwenye mchakato.

*

Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kushikana juu ya Mlimani siku Hayati alipovuka mto mkavu, peku, suti yake imegeuka rangi ya vumbi. Bi Sikudhani alikuwa shambani karibu na ule ubao, akichuma kunde, na mjukuu wake akicheza na vikonyo kando yake. Alisikia hatua. Hakugeuka.

"Bi Sikudhani," alisema mtu yule.

Alichuma kunde.

"Mama. Nina njaa. Hakuna anayeniitikia."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake kwa muda ambao hata yeye hakuukumbuka, na baada ya hilo mengine yalitoka kwa shida, kama maji ya kisima kipya, yakiwa na tope.

"Tunu alikufa kwa sababu sikujenga daraja. Hakukosa subira. Saruji na nondo zake ziko nyumbani kwangu, ndizo zile nguzo. Nilijua hivyo siku ile nilipokuwa juu ya kaburi lake."

Mikono ya Bi Sikudhani ilisimama juu ya majani. Ilingoja, na mtu yule akaelewa kilichokuwa kikingojewa, kwa kuwa alikuwa mwana wa Mlimani na alilelewa kwenye misiba kama wenzake. Akauelekeza uso wake kwenye kaburi lililokuwa mwisho wa shamba. Akainama, akaokota bonge la udongo, akalitupa huko.

"Tunu," alisema. "Tumekulia, tumekucheka, tumekumaliza. Usiite, hatuitiki."

Bi Sikudhani alisimama wima. Akaifungua kaniki, polepole, akaiacha ianguke ardhini. Chini yake alikuwa na kanga ya rangi ya machungwa ambayo jua halikuwa limeiona tangu masika ile. Akamwinua mjukuu wake, akamfuta udongo mashavuni.

"Tunu," alimwita, kwa mara ya kwanza. "Jina lako ni Tunu. Haya, twende nyumbani."

"Na mimi?" alisema mtu yule nyuma yao. "Nimesema ulichotaka. Nimelisema lote. Bi Sikudhani, na mimi?"

Mtoto alichungulia juu ya bega la bibi yake. "Bibi, nani anaita?"

"Hakuna mtu, Tunu."

Wakaenda. Ngurumo ilipita juu ya Mlimani, na Kimeza, mto ambao haukuwahi kufundishwa subira ya kizalendo, ukaja wote kwa pamoja, mwekundu, na magogo yake. Mtu yule akarudi nyuma, maji yakimfuata, akarudi nyuma tena, mpaka mgongo wake ukagusa chuma cha ubao wenye jina lake. Ng'ambo, mwenye mtumbwi alikuwa ameketi chini ya turubai, anavuta kiko, anatazama moja kwa moja upande wake.

Akamwita aje amvushe. Akamwita kwa jina lake, na la baba yake, akamwita ndugu, akamwita Mheshimiwa. Mwenye mtumbwi alisikia vizuri sana. Lakini alikuwa mtu wa Mlimani, aliyelelewa vyema, na kama wananchi wote wa nchi ile, aliwaheshimu mno marehemu.